Nifukuze, Mama

Jumatatu, 3 Machi

Leo Kinyozi amemsimulia mamake jinsi tulivyokutana. Nilikuwa palepale, kwenye benchi la nje ya saluni yake, mwavuli kichwani, nikitabasamu mdomo umefungwa. Hadithi yake tamu kweli! Eti jioni moja umeme ulikatika, akawasha mshumaa, mara mwanamume mpole akachungulia mlangoni kuuliza kama bado ananyoa. Eti nilikuwa na aibu kama bwana harusi. Eti alipojikata kidole gumba kwa wembe nilikimbilia nje nikauegemea ukuta — moyo laini, hataki kuona damu! Kesho yake nikarudi na boksi zima la plasta.

Mamake alicheka mpaka akajifuta machozi. Akamwambia bintiye mwanamume wa namna hiyo haokotwi mara mbili, asilete maringo akaja kuibiwa.

Sasa niandike yangu, maana hakuna mwingine wa kumwambia.

Nilikuwa nimepita mbele ya saluni ile muda mrefu bila kuthubutu kuingia. Kuta zote vioo. Kwenye kioo mimi sipo. Watu wangemwona Kinyozi ananyoa hewa! Siku ile giza lilipoingia, nikaingia nalo. Akanifunga shuka shingoni, akanipaka sabuni, akaanza kunisimulia mambo ya wateja wake kama vile tunajuana tangu utoto. Mkono wake ulikuwa na joto. Nilifumba macho nikajisikia mtu, mtu wa kawaida, aliyekuja kunyolewa ndevu. Kisha wembe ukateleza. Tone moja tu. Meno yakashuka yenyewe. Nilikimbia nje nikauma mkono wangu mwenyewe mpaka nikagusa mfupa. Na plasta? Nilitaka kile kidole kizibwe kabla sijafanya jambo. Ndiyo huruma yangu hiyo!

Lakini ananipenda, na mimi nampenda. Hapo hadithi zetu hazitofautiani.

Jumanne, 4 Machi

Kazini kama kawaida. Machinjioni tunaanza kabla jua halijachomoza, ndiyo maana niliiomba kazi hii. Wengine wanachinja, wanachuna, wanakata. Mimi ni mtu wa ndoo. Damu ikitoka naikinga, naikoroga isigande, naimwaga kwenye mapipa ya watu wa chakula cha mifugo. Hakuna anayeigombania kazi hiyo. Wenzangu wananiita Mtakatifu kwa sababu sinung'uniki! Ndoo ya mwisho haifiki kwenye pipa. Inafika kwenye chupa yangu ya chai, na ninaishi.

Kinyozi aliwahi kuniuliza: wewe unaogopa damu, machinjioni unafanya nini? Nikamwambia niko upande wa ngozi. Uongo ukishauzaa mmoja, huna budi kuuzalia na ndugu zake.

Jioni nilimsindikiza kwao. Niliishia getini, kama siku zote. Ananiita Bawabu kwa sababu hiyo. Anadhani ni heshima, kwamba sitaki kuingia kwao kabla mambo hayajawa rasmi. Akaniambia adabu yangu itanizeesha mlangoni.

Si adabu. Sisi hatuvuki kizingiti cha nyumba wanayolala watu mpaka mwenye nyumba atukaribishe kwa mdomo wake. Na akishasema, basi. Mlango unabaki wazi kwetu, tukiwa na shibe na tukiwa na njaa. Na sisi tukizidiwa na njaa akili huzimika, na miguu inatupeleka yenyewe kwenye mlango ulio wazi. Hailengi pengine popote.

Mji huu una milango mingi sana. Hakuna hata mmoja ulio wazi kwangu. Nimehakikisha hivyo.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa.

Daktari wa mifugo amekuja na watu wake, wamevaa mabuti meupe. Ng'ombe wamekutwa na vidonda midomoni na kwatoni. Karantini! Hakuna mnyama kuingia, hakuna kuchinja. Msimamizi ametuambia twende tukapumzike, tutaitwa. Tukamuuliza lini. Akapandisha mabega.

Wenzangu walisimama uani wakilalamika. Mimi nilikaa chini, kwenye sakafu ile iliyooshwa ikakauka. Sijawahi kuiona imekauka.

Nina chupa moja. Kuku? Nimeshajaribu kuku. Ni sawa na kunywa maji yaliyosuuziwa vyombo — yanalowanisha mdomo, basi. Nitakunywa kidogokidogo na sitakaribia mlango wa mtu. Tutaitwa tu. Lazima tutaitwa.

Jumapili, 9 Machi

Limetokea. Mungu wangu, limetokea, na kosa ni langu.

Kinyozi alikuwa amefua taulo zote za saluni. Beseni zito, maji yanachuruzika. Ningeliacha getini abebe mwenyewe? Nikalibeba mpaka mlangoni. Hatua chache tu! Nikasimama nje ya kizingiti na beseni langu, nikamwambia alipokee. Na mamake alikuwa ndani.

Yule mama haoni vizuri. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, watu anawaona kama vivuli. Alikuwa mkunga zamani, mkono wake ndio unaomwonea. Akauliza nani amesimama pale kama nguzo ya umeme. Bintiye akacheka, akasema ni Bawabu. Na mimi — nilikuwa nafungua mdomo niseme naaga, nina haraka, nyumbani naunguza chungu, chochote! — yeye akawa ameshasema.

"Karibu, mwanangu. Karibu ndani. Hapa ni kwenu."

Nilihisi kitu kimelegea hewani, kama masikio yanavyozibuka. Mguu wangu ukavuka bila ruhusa yangu.

Halafu nitasema ukweli, maana naandika peke yangu. Nilifurahi. Niliketi kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma, chini ya picha ya marehemu mume wake, karibu na redio yake kubwa ya mbao. Mwanangu! Nimemzidi umri yule mama, hata babu yake, lakini uso wangu ni wa kijana, basi nikamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba akanishika mikono. Akashtuka. Akaikandakanda. Akatoa hukumu yake mbele ya bintiye: huyu kijana hana damu! Amepungukiwa damu kabisa, ndiyo maana ana mikono ya barafu na hapendi jua.

Akanisagia bitiruti. Glasi nzima, nyekundu. Nikainywa yote huku wananitazama.

Usiku chupa iliisha.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda kwa Shangazi. Si shangazi yangu, ndiye aliyenigeuza, lakini nimwite nani? Anauza fanicha zilizotumika. Anakaa nyuma ya duka, katikati ya makabati, mapazia mazito yameshushwa mchana kutwa. Anakunywa vya kwake, siulizi vinatoka wapi.

Alinisikiliza huku anapiga polishi mguu wa meza. Nilipofika kwenye neno karibu, akacheka mpaka kitambaa kikamwanguka. Kisha akaniambia kuna njia tatu. Ya kwanza, nile. Ya pili, nimgeuze yule msichana. Nikamwambia hapana. Na yeye mwenyewe anajua: tunaowauma ili waamke, wengi hawaamki.

Ya tatu? Mwenye nyumba anifukuze. Kwa mdomo wake, na moyo wake ukiwa umo. Si kwa utani, wala si kwa kuombwa. Mlango unajua.

Nikamwuliza kama naweza kusafiri, nikaenda mbali. Akaniambia nijaribu, ila nichague viatu imara, maana nitarudi kwa miguu.

Kwa hiyo mambo ni rahisi! Namfanya mama mmoja anichukie. Wanaume wangapi wanachukiwa na mama wakwe bila hata kujitahidi?

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda mchana, mwavuli na mikono mirefu, ngozi inawaka vilevile. Sikubisha hodi. Nikaingia na mabuti ya machinjioni mpaka kwenye zulia. Sikumwamkia! Mtu mzima amekaa mbele yangu na mimi kimya, nikajitupa kwenye kochi, nikapandisha mabuti juu ya vitambaa vyake. Akanisikia. Akangoja shikamoo. Haikuja.

Akaniletea bitiruti. Nikaionja nikaitema sakafuni, nikamwambia jungu la mganga lina ladha kuliko hii. Nikamwambia nyumba inanuka. Sijawahi kumsemesha mzazi wa mtu hivyo, tangu nizaliwe mara ya kwanza wala ya pili. Ulimi ulikuwa mzito kama jiwe.

Yeye akainuka akipapasa viti, akaja, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Unaona sasa? Baridi hii! Mgonjwa hana adabu, mwanangu, na mimi sikulaumu."

Akanifunika blanketi. Akaniimbia! Kwa sauti ya chini, wimbo wa kubembelezea watoto. Nililala pale chini ya blanketi nikisikia moyo wake unavyopiga, na mshipa wa shingo, na wa kifundo cha mkono, kila mmoja na sauti yake. Niliuma mto. Nikatoka mbio bila kuaga.

Nadhani hata hilo la kutoaga ameshalisamehe.

Ijumaa, 14 Machi

Redio ya marehemu. Nilijua ndiyo silaha pekee iliyobaki. Anaifuta vumbi kila asubuhi, Kinyozi aliniambia.

Nikaingia, wote wawili wapo, Kinyozi amewahi kurudi. Sikungoja hata salamu. Nikaibeba nikaitupa chini. Mbao zikapasuka, vioo vidogo vikasambaa mpaka chini ya kabati. Nikasema kelele zake zimenichosha — redio ambayo haijawashwa tangu mwenyewe afe!

Kinyozi aliniangalia. Sitaandika alivyoniangalia.

Na Mama? Mama aliinama akapapasa vipande, nikajipa moyo. Nikasimama pale nangoja, nasema moyoni, sema Mama, litoe, toka. Akavuta pumzi. Akasema tangu aolewe alikuwa anaichukia ile redio! Marehemu alikuwa anaifungulia mpira, anaruka, anaamsha watoto. Ameifuta vumbi miaka yote kwa kuogopa mzimu wake. Sasa imepumzika, na yeye apumzike. Kisha akaniuliza nimekula.

Nilicheka. Meno yalikuwa chini, nikaweka mkono mdomoni. Kinyozi alidhani namcheka mamake.

Jumamosi, 15 Machi

Nilipanda basi la kwanza. Nikakaa nyuma, pazia la dirisha nimelishusha, nikalala. Nilipozinduka nilikuwa nimesimama. Miguu miwili ina malengelenge, viatu sina. Mbele yangu mlango wa kwao, mkono wangu uko kwenye kitasa, jua linazama.

Hafungi mlango yule mama! Anasema akitafuta funguo na macho yale atakosa wagonjwa wanaokuja na haraka. Hakuna mgonjwa tena. Amestaafu. Bado hafungi.

Nimerudi nikajifunga kitandani kwa mnyororo wa kazini, ule wa kuning'inizia ng'ombe. Uliwahi kubeba fahali.

Jumapili, 16 Machi

Mnyororo umekatika. Kitanda kimevunjika. Safari hii nilizinduka getini tu, kwa sababu mbwa wa jirani alibweka. Asante mbwa.

Kinyozi alinifuata kwenye benchi la saluni mchana, mimi nimejikunyata chini ya mwavuli. Akasema yote. Kwamba alidhani amepata mtu. Kwamba kumdharau yeye angevumilia, lakini mama yake! Mama asiyeona! Sauti ilimtetemeka, hakulia. Akasema nisikanyage saluni, nisikanyage kwao, asinione tena, asisikie jina langu.

Kila neno lilitoka moyoni. Nililihisi likitua. Kama mtu anavyofungiwa mlango usoni.

Nikakimbia kwao kuhakikisha. Nikanyoosha mguu kwenye kizingiti, polepole, nikiomba.

Ukapita.

Nyumba si yake, ni ya mama. Nimempoteza ninayempenda, na mlango uko wazi vilevile! Wa kunichukia ananichukia bure, na ambaye chuki yake ingefaa ananiuliza kama nimekula. Nilikaa kwenye ngazi zao nikalia kama mtoto aliyeachwa sokoni.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemwambia.

Sikuwa na njia nyingine. Nilisubiri Kinyozi aende kazini, nikabisha hodi — nikabisha vizuri, nikaamkia — nikakaa chini sakafuni mbali naye, mgongo ukutani. Nikasema: Mama, mimi ni mnyonya damu.

Akacheka. Akasema watoto walikuwa wanatishiwa mumiani enzi zake, yeye mwenyewe amewatishia wake, na hakuna aliyelala mapema kwa ajili hiyo. Nikamwambia njoo. Nikaushika mkono wake nikaupeleka mdomoni mwangu.

Vidole vile vimepokea watoto wengi. Vilipita kwenye fizi, taratibu, vikafika kwenye jino la pembeni, vikasimama. Vikashuka nalo mpaka ncha. Vikaenda upande wa pili. Kisha akanishika shingo, akatafuta mapigo, akatafuta tena. Nilimwona akielewa. Hakupiga kelele. Alikaa tu chini, hapohapo sakafuni karibu nami, akiwa ameshikilia mkono wake kama umeungua.

Akauliza kama inauma. Ndivyo alivyouliza, Mungu ni shahidi! Inauma?

Nikamweleza yote. Ndoo, karantini, mlango, miguu inayokwenda yenyewe. Mabuti na redio. Nikamwambia nikizidiwa nitaingia humu na sitajua nani ni nani. Nikapiga magoti. Nifukuze, Mama. Nifukuze sasa hivi.

"Toka," akasema.

Hakuna kilichotokea.

"Toka kwangu! Usirudi!"

Sauti ilikuwa kali, majirani wangesikia. Nikakivuka kizingiti kuujaribu mlango, nikatoka, nikarudi. Wazi. Akajaribu tena. Akanitukana, matusi aliyoyasikia labda kwa watu wengine, akiyatamka kama mtoto anayesoma. Akapiga hata meza. Mwisho akakaa kwenye kochi akishika kifua.

Akasema hajui linavyofanywa. Katika kazi yake walikuja wa kila aina, wenye ndoa na wasio nayo, wezi, hata mke wa pili wa mume wake — kumbe marehemu naye! — na wote aliwaambia ingia, lala, sukuma. Kufukuza hakufundishwa.

Kisha akakunja mkono wa gauni lake mpaka begani. Akaninyooshea. Akasema yeye amekula chumvi nyingi, ninywe yake, nimwache mtoto.

Nilitoka kupitia dirishani. Sikuweza kupita karibu na ule mkono.

Jumanne, 18 Machi

Siandiki vizuri. Kalamu nimeivunja mara mbili. Msimamizi hajapiga simu. Nimenyonya mshipi wa ngozi.

Mama ameniita kwa sauti kutoka dirishani, alijua niko ukutani kwao. Hakulala, amefikiria. Akaniuliza neno la nani linasikilizwa na huo mlango wangu. Nikasema la mwenye nyumba. Akaniuliza, na mwenye nyumba akibadilika? Nikafikiri. Shangazi hakuwahi kusema, lakini ni lazima, si ndiyo? Mwenye nyumba mpya, neno jipya. La zamani linakufa.

Basi nyumba ni ya binti yangu, akasema. Kesho. Akirudi mchana kula, namkabidhi. Mimi siwezi kufukuza hata kuku, lakini yule amechukua hasira za babake. Akisema toka hata mvua inatoka!

Nikauliza kama neno la mdomo litatosha. Halafu nikacheka mwenyewe, kwetu sisi kipi kisicho cha mdomo?

Sharti langu lilikuwa moja. Asimwambie. Asimwambie mimi nani wala nilifanya yale kwa nini. Akijua, hasira itamtoka, na ile hasira ndiyo uhai wake. Aendelee kunichukia. Mama aliapa. Kwa macho yake, aliapa.

Amenipenda kuliko ninavyostahili yule mama, na bintiye atanichukia kuliko ninavyostahili. Hesabu yake ikae hivyo hivyo.

Jumatano, 19 Machi

Mchana. Wingu zito, namshukuru Mungu. Niko kwenye ngazi za kwao, mgongo kwenye mlango. Naandika ili mikono iwe na kazi. Mikono isipokuwa na kazi inakwenda kwenye kitasa.

Kinyozi amefika. Nilijificha nyuma ya pipa la maji mpaka akaingia. Ananukia sabuni, spiriti, na

Hapana. Naandika ninachosikia, basi.

Mama anamwambia akae. Anamwambia amezeeka, anataka kuyaweka mambo yake sawa. Kinyozi anauliza kama anaumwa. Haumwi. Anasema nyumba hii na vyote vilivyomo ni vyako kuanzia sasa, mimi ni mgeni wako, utanikaribisha? Kinyozi anacheka, anadhani ni mzaha. Kisha anaona si mzaha. Anasema, karibu Mama.

Umefungwa!

Nimehisi! Umefungwa kweli, nimejaribu kidole chini ya mlango, kimegota kama kwenye ukuta. Kimegota! Nimekibusu kidole. Nimelia. Miguu imeachiliwa, ile kamba iliyokuwa inanivuta tumboni imekatika. Njaa ipo, njaa ni ileile, lakini haina pa kwenda. Mji mzima umefungwa tena.

Naweza kuondoka. Niondoke. Nimeshapata nilichotaka, kufukuzwa kungekuwa nyongeza tu ya kufunga kitasa kwa komeo. Nainuka sasa.

Sijainuka.

Ngoja nisikie sauti yake kidogo. Kidogo tu, kisha naenda.

Mama anaanza lile tulilopanga. Anamwambia, yule kijana akija hapa mwambie atoke, na useme kwa moyo wote. Kinyozi anasema hilo halihitaji kuombwa. Anasema maneno juu yangu. Makali, mazuri, yote sawasawa! Mnafiki. Mtu asiye na mama. Ananidhihaki mwavuli wangu. Anasema laiti angejua siku ile ya mshumaa, wembe angeutelezesha kwangu. Endelea, mpenzi. Endelea hivyohivyo.

Anasema sina moyo.

Mama amenyamaza mno. Namjua sasa, kile si kimya kizuri. Anapumua kama anayepandisha ngazi. Mama, usi

Anasema: anao.

Mama! Nimegonga mlango, nimepiga kelele, Mama uliapa! Hanisikii, au ananisikia. Anasema mwanangu usimsingizie mtu, mimi siwezi kukaa nikasikia anasingiziwa. Anaongea haraka, analia. Anasema jino. Anasema redio, mabuti, bitiruti. Anasema amekuwa anakufa njaa mlangoni petu ili sisi tusife, na hakutaka hata umshukuru.

Nasikia moyo wa Kinyozi. Ulikuwa unakimbia, wa hasira, nilikuwa nimeuegemea kama ukuta. Sasa unapungua. Unapungua. Umetulia. Hasira imemtoka yote, nimeisikia ikitoka, na mahali pake pameingia kile kingine ninachokijua.

Anainuka. Kiti kimesogea. Anakuja.

Ondoka, mjinga wewe! Miguu ni yako, barabara ile pale, wingu lipo. Ondoka!

Ameshika kitasa upande wa pili. Nakiona kinageuka. Ananiita, sauti ya chini, ya siku zile. Ee Mungu, uzibe mdomo wake. Uyazibe na masikio yangu, maana akilisema lile neno nitaingia, na nimekaa hapa sababu nataka alise